Inalala Wapi? Mama Akelo Anaiaga Meza ya Betri

Ijumaa, tarehe 29 Mei 2026, Bi. Selina Akelo anastaafu baada ya kulitumikia duka letu la Ziwani Kompyuta, hapa Makoroboi, kwa miaka ishirini na saba. Karibu miaka yote hiyo ameketi kwenye meza moja, ile ya pembeni karibu na dirisha la nyuma, akibadilisha betri za UPS. Kwa ndugu na jamaa watakaosoma hapa bila kujua tunachouza, UPS ni kile kisanduku kizito kinachokaa kati ya kompyuta na ukuta. Umeme ukikatika kinalia na kuishikilia kompyuta kwa muda mfupi, nawe unapata nafasi ya kuhifadhi kazi yako na kuzima kwa amani. Ndani yake mna betri, na betri hizo ndizo zilizomweka Mama Akelo mjini.

Nimeombwa niandike mimi, Nadim wa kaunta ya mauzo, na hadi sasa sijui aliyenichagua alikuwa na nia gani. Kazi yangu ni kuuza UPS mpya. Kazi ya Mama Akelo ilikuwa kuhakikisha watu hawahitaji UPS mpya. Mteja anaingia amekata tamaa, nimeshamfungulia boksi, nimeshamweleza sifa zote, mara sauti inatoka kule nyuma: "Hebu ilete hapa kwanza." Baada ya muda mteja huyo anatoka na kisanduku chake kilekile kwapani, ananipungia mkono kwa furaha, na mimi narudisha boksi langu kwenye shelfu. Mwanzoni niliudhika. Baadaye udadisi ukanishinda, nikawa nasogea hadi kwenye meza yake kuona anafanya nini hasa, na sijaacha kusogea mpaka leo.

Mama Akelo ni mzaliwa wa Shirati, mkoani Mara, kwenye familia ya wavuvi waliokuwa pia na mashamba. Alisomea ufundi wa redio Musoma, akaja Mwanza kutafuta maisha, na mwaka 1999 akaajiriwa hapa kutengeneza redio na televisheni. Kompyuta zilipoanza kuingia majumbani, UPS zikazifuata, na hakuna fundi aliyetaka kuzigusa. Ni nzito, zina kelele, na zinaweza kukupiga shoti hata baada ya kuzichomoa ukutani. Yeye akaziomba. Niliwahi kumuuliza kwa nini, akajibu kwamba ndicho kifaa pekee dukani kinachoamka wakati vingine vyote vimezimika, na alitaka kujua kinaamkaje.

Kwa mikono yake ni mtu wa taratibu. Anazima, anachomoa, anasubiri. Anafungua mfuniko, anatoa waya mweusi, kisha mwekundu, na hapo ndipo anaitoa betri kwa mikono miwili na kuitazama pande zote. Iliyovimba haijaribu tena, anaitenga kwenye ndoo ya zile zinazokwenda kwa wanaoyeyusha madini ya risasi yaliyomo ndani, na ole wako umwambie aitupe jalalani. Isiyovimba anaiunganisha na balbu ya gari. Kipimo pekee hakimridhishi, maana betri inayopumzika hudanganya. Inaonyesha namba nzuri kabisa, ukiibebesha mzigo inaanguka. Kwa hiyo anaiwashia balbu, anavuta kiti, anatazama mwanga unavyofifia. Ukipita hapo wakati huo usimsemeshe.

Lakini kilichomtofautisha na mafundi wengine wote ninaowajua ni swali. Kabla hajashika bisibisi, kabla hata hajamuuliza mteja jina, alimuuliza: "Inalala wapi?" Wageni walishangaa. Wengine walidhani anatania. Yeye alingoja jibu, na majibu yalikuwa burudani ya duka zima. Inalala chini ya kitanda. Inalala kabatini na mashuka. Inalala jikoni, nyuma ya jiko, kwa sababu ndiko kwenye soketi. Kuna bwana mmoja wa Kiseke ambaye yake ililala chumba cha kunyooshea nguo, na baada ya maswali mawili matatu ikajulikana kwamba umeme ukikatika alikuwa anachomeka pasi humo ili amalizie shati. Mama Akelo alimwomba arudie, si kwa kumcheka, bali kwa sababu alitaka kujua kisanduku kilivumilia kwa muda gani.

Jibu lililomsumbua zaidi lilikuwa lile la vitambaa. Nyumba zetu mnazijua. Televisheni ina kitambaa, redio ina kitambaa, hata rimoti ikipata nafasi itavikwa. UPS nayo ilivikwa, na sababu ilikuwa nzuri: vijidudu vya ziwani. Siku vinapopanda kutoka majini vinafuata taa, vinaingia dirishani kwa maelfu, asubuhi unavifagia kwa ufagio. Watu waliziba matundu ya UPS visiingie. Betri nayo ikapikwa humo ndani taratibu hadi ikavimba. Mama Akelo hakutaka kuwaambia watu waache usafi wao. Akarudi kutoka likizo ya Shirati na kipande cha wavu wa dagaa, akashona kava la kwanza lenye hewa. Vijidudu vikapita kana kwamba mlango uko wazi. Akakunja wavu mara mbili, vikapita. Akaukunja tena, vikapungua kidogo. Mwisho akachukua chandarua kilichochakaa, akakishonea kifremu cha waya kisigusane na matundu, na mpaka leo kuna nyumba Mkolani na Kiseke ambako UPS imelala ndani ya chandarua kidogo chake, na wageni wanauliza ni ya nini.

Hayo yote ni ya kucheka. Sasa niseme la kutochekesha, kwa sababu bila hilo mtashindwa kuelewa kwa nini wengine wetu tutafuta machozi Ijumaa.

Mwaka 2021 meza ya betri ilikaribia kuondolewa. Mteja wetu, Mwalimu Mashimba wa Bujora, alikuwa amestaafu ualimu na kuanza kazi aliyoitamani maisha yake yote, ya kukusanya majina ya rangi za ng'ombe kwa Kisukuma. Ni mengi kuliko mtu wa mjini anavyoweza kudhani, kwa kila doa na kila mstari kuna jina, na wanaoyajua yote wanazidi kupungua. Aliyaandika kwenye kompyuta sebuleni kwake. Umeme ulipokatika ghafla alipoteza kurasa, na baadhi ya wazee waliompa majina yale walikuwa wameshafariki, hawakuwepo wa kuulizwa tena. Ndiyo maana alinunua UPS kwetu. Baada ya miezi michache betri ikafa. Mama Akelo akaweka nyingine, ikafa. Akaweka ya tatu, nayo ikarudi ikiwa bado ndani ya waranti.

Kila mara aliuliza inalala wapi. Mwalimu alijibu vizuri kama mwanafunzi bora: juu ya meza, mbali na jiko, mbali na dirisha, haijafunikwa, hewa tele. Kisanduku chenyewe kilipimwa hapa dukani kikachaji bila kasoro. Mara ya kwanza katika miaka yote ile swali lake halikumpa chochote. Bwana Ashish, mkurugenzi wetu, ni mtu wa haki, lakini ana duka dogo na shelfu zisizotosha. Alikuja mezani akasema: "Mama Akelo, ya nne ikirudi, hapa tunaweka kava za simu. Wewe utakuja kaunta kwa Nadim." Mama Akelo hakubishana. Akasema tu kwamba kava hatauza, atarudi Shirati. Nilimtazama usoni nikajua hatanii, na wakati huo watoto wake wawili walikuwa bado shuleni.

Nikiwa muuzaji wa UPS mpya, mtu angetegemea nifurahi. Sikufurahi hata kidogo. Jumapili iliyofuata alipotoka kanisani nilimpakia kwenye gari langu, tukaenda Bujora kuona kwa macho mahali inapolala. Betri ya nne ilikuwa mapajani mwake.

Tulipokelewa vizuri mno. Mama Akelo akamwamkia Mwalimu na mkewe, Mama Wilhelmina, tukaletewa chai na viazi vitamu. UPS ilikuwa palepale Mwalimu alipotuambia, juu ya meza, hewa tele. Mama Akelo akaweka betri ya nne, akaiacha ichaji. Akazunguka meza. Akapapasa ukuta kama una unyevu. Akainama kutazama soketi. Hakuna kitu. Akarudi kuketi, chai yake ikapoa, na mimi nikaanza kupanga moyoni namna ya kumfundisha kuuza kava.

Jioni ikaanza kuingia na mawingu yakatanda kutokea ziwani, mnayajua ya kwetu. Ngurumo ya kwanza iliposikika kwa mbali, Mama Wilhelmina akaomba radhi, akainuka, akazunguka sebule nzima akizima swichi za ukutani moja baada ya nyingine. Televisheni. Redio. Chaja ya simu. Na ile ya kompyuta. Mwalimu alikuwa ameshaizima kompyuta yake, lakini UPS yenyewe ilikuwa bado inawaka, kwa hiyo ikaanza kulia. Mwalimu hakugeuka, masikio yake yalikuwa yamestaafu kabla yake. Mama Wilhelmina akachukua kitambaa cha kufuma kutoka kwenye kiti, akakikunja, akakilaza juu ya kisanduku kwa upole, kilio kikawa kama kinatoka chumba cha pili. Kisha akarudi kuketi, akatukaribisha viazi.

Mama Akelo akakisogelea kisanduku, akakiinamia kusikiliza. Halafu akauliza kwa sauti ya chini: "Mama, huwa unafanya hivi siku zote?"

"Kila jioni, mwanangu," akajibu Mama Wilhelmina. "Radi za huku unazijua. Na hata kama hakuna mvua, uniti za umeme za LUKU zinakwisha bure usiku. Kinalia kidogo, nakifunika, kinalala. Asubuhi nakitolea kitambaa na kuwasha swichi kabla mwalimu hajaamka."

"Hakilali, mama. Kinazimia."

Naomba niwaeleze wasiojua. UPS ikikatiwa umeme ukutani haijui kama ni Mama Wilhelmina au ni gridi nzima ya taifa. Inachojua ni kwamba umeme umeondoka, kwa hiyo inaanza kuila betri yake yenyewe, huku inalia kuomba msaada. Kila jioni betri ile iliishiwa kabisa, ikakaa tupu hadi asubuhi, na betri za aina ile zikikaa tupu zinaharibika ndani polepole. Hakuna aliyekuwa amekosea kwa uzembe. Mwanamke yule alikuwa anakilinda kisanduku kisipigwe na radi ili kazi ya mumewe ipone, na ndiyo hiyo aliyokuwa anaiua, jioni baada ya jioni, kwa kitambaa kilichofuliwa.

Alipoelewa, uso wake ulibadilika, akaweka kikombe chini. Hapo ndipo nilipomfahamu Selina Akelo ni mtu wa namna gani. Akamwambia kwamba kuogopa radi ni sawa kabisa, hata yeye anaogopa. Akamshika mkono, akamwonyesha kitufe cha UPS yenyewe. Mvua ikija: zima kompyuta, zima UPS kwa kitufe chake, halafu ndiyo uchomoe ukutani. Mvua ikipita, rudisha ukutani. Siku nyingine zote iache ukutani ichaji, kwani uniti inazokula ni chache, kununua betri mpya kunakula pesa zaidi. Na mkisafiri, msiiache kabatini mkaisahau, kila baada ya miezi michache irudisheni kwenye umeme ishibe, la sivyo inakufa kimyakimya hata kama haijafanya kazi yoyote. Mwisho akachukua kile kitambaa, akakitandika chini ya UPS, pale pasipo na matundu, kikaning'inia vizuri ukingoni mwa meza. Mama Wilhelmina akacheka, na sisi tukapumua.

Jumatatu Bwana Ashish alitaka kujua imekuwaje. Njia rahisi ilikuwa wazi: kosa la mteja, waranti haihusiki, meza imepona. Mama Akelo hakuipita njia hiyo. Alisema kosa ni letu, kwamba tuliuza kisanduku bila kumweleza mtu anayebaki nacho nyumbani jioni. Akasema tena kwamba betri ya nne imeshafungwa, na ikirudi ndani ya waranti, yeye mwenyewe ataibeba meza hadi stoo. Nilitamani nimzibe mdomo. Bwana Ashish akasema sawa, tuone.

Tangu siku hiyo kukawa na maswali mawili. Inalala wapi, na nani anaizima? Hili la pili lilifungua mambo ambayo la kwanza halikuyagusa kwa miaka yote. Tuligundua mabibi wenye huruma, wapangaji wabahili, wachungaji, hata mkurugenzi mmoja wa duka la kompyuta hapa Makoroboi ambaye kila jioni akifunga alikuwa anakata swichi kuu, huku akijiuliza kwa nini UPS ya kaunta yake haidumu. Jina lake nalihifadhi, bado naipenda kazi yangu.

Na betri ya nne? Waranti ilikwisha, haikurudi. Mwaka ukapita, ukapita mwingine. Mama Akelo alikuwa akipata mtu wa Bujora dukani hamwachi bila kumuuliza habari za Mwalimu, na sote tulijua anauliza habari za nani. Meza ikabaki dirishani, na hakuna aliyezitaja kava za simu tena.

Machi mwaka huu Mwalimu Mashimba alipiga simu. UPS imeanza kuzimika mapema. Mama Akelo akafunga droo, akamchukua Pinal, fundi wetu wa printa ambaye ndiye anayerithi meza, nami nikajipa ruhusa ya kuendesha gari. Kitambaa kilikuwa bado chini ya kisanduku. Mwalimu ameshamaliza kazi yake, majina yote yamo, sasa anaandika maelezo ya ziada tu, kwa raha zake. Mama Akelo hakushika bisibisi. Alikaa kwenye kiti na chai yake, mikono mapajani, akamwachia Pinal.

Pinal hakufungua. Kwanza aligeuka kwa Mama Wilhelmina, akamwamkia, akauliza: "Nani anaizima?"

"Mimi," akajibu yule mama, ameinua kidevu. "Kwa kitufe chake. Na majirani wote nimewafundisha."

Ndipo Pinal akaitoa betri ya nne, akampa Mama Akelo. Haikuwa imevimba. Pande zake zilikuwa zimenyooka, vichwa vyake safi. Tuliiwashia balbu tuliyokuja nayo, mwanga ukashuka taratibu, bila kishindo, ukaisha. Mama Akelo aliishika muda mrefu kuliko kawaida, kisha akatuambia kwa furaha ambayo sijawahi kuiona usoni mwake: "Hii imekufa kwa uzee." Kwa fundi wa betri, nadhani hakuna sifa kubwa kuliko hiyo. Haikuuawa na joto, haikuuawa na njaa, ilitumika hadi mwisho wa uwezo wake na watu walioijali. Alinipa niibebe hadi kwenye gari, nami niliibeba kwa mikono miwili.

Mama Akelo, kwa niaba ya Bwana Ashish, Pinal na wafanyakazi wote wa Ziwani Kompyuta, ahsante. Ahsante kwa kila UPS ambayo sikuiuza. Ahsante kwa kutufundisha kuuliza kabla ya kufungua. Tunajua unakwenda Shirati, kwenye nyumba yako inayotazama maji, na tunakuombea afya, usingizi mzuri na vijidudu vichache.

Ila kuna jambo moja, na umelisema mwenyewe kule Bujora, mimi nikiwa shahidi. Iliyowekwa pembeni isisahauliwe. Kila baada ya miezi michache lazima irudishwe. Kwa hiyo tutakusubiri. Kiti chako kipo, balbu ya gari ipo, chai itakuwepo. Meza haiondoki.